Wayo Usikie Kwanza

Oto ana miezi ishirini na mitatu,
na nyasi za Liepaja bado anazikataa.
Ukimshusha hapo anakunja miguu juu
kama paka aliyekanyaga kaa la moto.

Ndani, kwenye sakafu ya mbao, anakwenda,
kwa ncha za vidole, mikono imetanda,
akijigonga kwenye mlango
anaoupita tangu azaliwe.

Bibi yake, Velta, alisema: mvivu.
Jirani akasema: mwoga.
Bi Ilga wa kliniki hakusema neno.
Alivua soksi zake mwenyewe,
akamwaga mbaazi kavu kwenye beseni,
akatumbukiza miguu, akacheka peke yake.

Baadaye, akifunga viatu, aliniambia:
"Mguu haupigi hatua bila habari.
Kwake nyasi ni kelele za watu mia.
Mpunguzie sauti."

Basi tangu Machi ndiyo kazi yetu:
blanketi la sufu, kisha mchanga wa ndoo,
kisha magome ya msonobari, ambayo aliyatupa
yote, hadi chini ya jiko.
Kuna siku alilia mpaka akatapika.
Siku hiyo sikuiandika kwenye daftari.

Jana ufukweni upepo ulichukua kofia yangu.
Niliporudi nayo, Oto amesimama mchangani,
kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi,
na ule wayo mtupu unakunja vidole, unakunjua,
kama mtu anayepapasa swichi gizani.

Akapiga hatua.
Akaanguka.
Akakitazama kiganja chake chenye mchanga,
akakilamba.