Mafiga ya Shaba

Umeme ulikatika saa mbili na robo usiku,
Julai, Uyole, na jokofu likashusha pumzi
kama maksai aliyefunguliwa nira.
Profesa Tusajigwe hakusema neno.
Alivua koti jeupe, akavaa sweta la marehemu mumewe,
akaniambia: Anyelwisye, fungua dirisha.

Miezi saba tulikuwa tukichuja.
Magunia ya majani mabichi kutoka Rungwe,
yakasagwa, yakakamuliwa, yakachujwa, yakachujwa tena,
mpaka gunia likawa kijiko
na kijiko kikawa tone ndani ya kichupa
kisichozidi kidole changu cha mwisho.
Ndani ya tone, protini.
Ndani ya protini, shaba:
atomi mbili tu, zimeketi jirani.

"Kila moja imeinjikwa," huwaambia wanafunzi
akichora kwa chaki iliyobaki ukucha,
"juu ya mafiga matatu ya histidini.
Ng'oa figa moja, chungu kinayumba.
Toa shaba, una jiko lisilo na moto,
na jani la chai litabaki kijani
hadi lioze, lisijue kuwa chai."

Mimi sikusoma mpaka huko.
Kazi yangu ni kuosha vioo, kuhesabu glavu,
kuandika joto la jokofu kwenye daftari la mistari.
Usiku ule niliandika: Saa nne. Jokofu, nyuzi tisa.
Dirishani, nyuzi nne.
Akacheka. "Unaona? Mbeya inatukopesha baridi,
na haidai luku."

Tukakiweka kichupa dirishani, ndani ya sufuria ya maji,
tukakitandia kitenge
ili paka wa mlinzi asije akanusa utafiti.
Tukakaa. Ukungu ulishuka, taa za barabara kuu
zikawa viini vya mayai.

"Mama alichuma chai miaka ishirini na sita,"
akasema, kama anayeendelea na mazungumzo ya jana.
"Siku ya kipaimara changu alisugua vidole
kwa ndimu, kwa jivu, kwa jiwe la mtoni.
Havikutakata. Akaenda kanisani
kaficha mikono ndani ya khanga,
mchungaji hakupewa mkono.
Na mimi, mtoto wake, niliona haya.
Nilidhani ni uchafu."

Kimya. Lori lilipanda kuelekea Igawilo, likibadili gia.

"Kumbe shaba. Hii hii.
Jani linavunjika, hewa inaingia,
shaba inawaozesha utomvu na hewa,
na harusi yao ikafanyikia vidoleni mwa mama.
Ningemwambia…"
Hakumalizia.

Saa kumi na moja: nyuzi tatu. Meno yangu yaligongana
mwandiko ukapinda.

Umeme ulirudi saa moja, jokofu likakohoa,
hakuna aliyelijali.
Alivuta tone kwa pipeti,
akalidondosha kwenye maji ya katekini,
maangavu, yasiyo na habari.
Tukahesabu. Kumi. Ishirini.
Thelathini na tano nikaacha kuhesabu.
Arobaini na kitu, kioo kikabadilika:
manjano ya mkojo wa mtoto,
kisha chungwa,
kisha ile rangi.

Nikafungua daftari. Sikupata safu yake.
Yeye alichovya kidole, bila glavu,
kosa ambalo mimi angenifokea,
akakitazama kikikauka juani.
Mchana kutwa hakukiosha.