Shimo la Saba, Olmotonyi

Tunaita shimo, ingawa hakuna aliyechimba.
Ni kapu tu juu ya bomba la chuma,
rimu ya baiskeli na minyororo kumi na miwili
aliyoichomelea Lomayani pale Ngaramtoni
siku umeme ulipokatika mara tatu;
ndiyo maana limeinama kidogo upande wa Meru
kama mtu mwenye sikio moja zima.

Asubuhi ukungu haujaamua kuondoka.
Misonobari imesimama safu kwa safu,
wanafunzi wa bweni wanaosubiri kuhesabiwa,
na chini zulia la sindano zake, kavu, jekundu,
linameza mlio wa viatu,
na visahani pia, usipoangalia.

Anaeli hutupa wa kwanza. Hana haraka.
Huinua kidole, hupima upepo, hupiga chafya,
kisha kiuno huzunguka kabla ya mkono
na kisahani cha chungwa huondoka chinichini,
kikipita kati ya vigogo kama mwenye mji,
kikakata kushoto kwa adabu
hadi minyororo ikipokee: chelele!

Changu ni cha bluu, kimemeguka ukingo.
Nakitupa vizuri, haki ya nani.
Ko!
Mti uleule.
Tangu Januari ni mara ishirini na tisa.
Anaeli huandika kwa penseli
nyuma ya daftari la wadeni wa duka lake.

Siku moja mama mwenye mzigo wa kuni alisimama,
akautua ili acheke vizuri:
"Sahani mnarusha, wali uko wapi?"
Tukamwambia ni mchezo. Akaomba ajaribu.
Kisahani kikaupita mti wangu bila hata salamu.
"Kumbe ni kama kumtupia jirani ungo," alisema,
akajitwika kuni zake, akaenda,
wala hakugeuka kuona kimetua wapi.

Sasa nikuambie kuhusu mti huo.
Mwaka tulipogawiwa viraka vya kulima katikati ya miche
mama alipanda viazi, na mimi, wa miaka saba,
nilipewa kazi moja: usikanyage msonobari.
Ukivunja mmoja, bwana miti atatunyang'anya shamba.
Ilinifika magotini. Niliiruka, jembe begani,
nikihesabu kwa Kimeru mpaka namba zikaniishia.
Nilipochoka niliikemea:
kueni basi, mniondokee miguuni!

Ikasikia.

Niliouruka mimi, leo ndio unaonirudisha.
Sisemi una kinyongo. Nasema una kumbukumbu.

Wiki iliyopita tuliukuta na alama nyekundu,
msalaba wa rangi, mbichi bado, umechuruzika hadi mizizini.
Na safu nzima hivyo hivyo, mpaka kapu la nane.
Umri wao umetimia. Sasa ni mbao,
ni kenchi za nyumba ya mtu huko Sakina.
"Umepona," Anaeli akasema. "Njia itakuwa nyeupe."
Nikasema ndiyo.
Nikagusa utomvu, ukanigandia kidoleni kutwa;
jioni hata ugali ulinukia msitu.

Leo tumewahi, kabla ya misumeno.
Lori limeshaegeshwa getini, dereva amelala,
miguu yake nje ya dirisha, soksi moja imetoboka.
Najua namna ya kuukwepa. Anaeli amenifundisha:
kirushe juu, kipinde kama ndizi,
kitarudi chenyewe upande wa kapu.
Nimefanya mazoezi uani mpaka mbuzi wakanizoea.

Navuta pumzi.
Nalenga katikati ya msalaba.

Ko!

Anaeli haniulizi kitu.
Analowesha penseli kwa ulimi.
"Thelathini," anasema, anaandika.