Herufi Moja

Ni mimi niliyeleta beseni la theluji.
Naliandika hili kwanza, lisije likasahaulika.

Arobaini kasoro mbili chini ya sifuri,
mwezi wa pili, Yakutia,
ukungu umelalia mto kama mgonjwa asiyetaka kugeuzwa.
Lori la Erchimen lilinasa katika maji
yaliyojificha kati ya barafu na theluji.
Akashuka kusukuma. Yakamfika kiunoni.
"Kiunoni tu," alisema Gavril,
kana kwamba maji hayo hupimwa kwa kina.

Tulimkuta ameketi kando ya rundo la magogo,
kofia kaivua, koti kalifungua,
akipapasa kifungo cha mwisho kwa vidole visivyomjua.
Alituambia anaona joto.
Maneno yalimtoka yakiburuta miguu,
mlevi, ungesema, na hajaonja pombe tangu harusi yake.
Wala hakutetemeka.
Tukafurahi! Tukaambiana,
"Tazama, baridi imemtoka."

Muuguzi Tuyaara alikuja na koti juu ya nguo ya kulalia.
Alimtazama mara moja.
"Haijamtoka," akasema. "Imemaliza kuingia."

Kisha: mlazeni. Asitembee hata hatua.
Mbebeni kama sinia ya mayai,
moyo uliopoa hushtuka kwa jambo dogo.
Mkasi ukapita kwenye suruali iliyokuwa ngumu kama bati.
Blanketi kavu, ngozi za sungura, kofia kichwani,
chupa za maji ya moto zimeviringishwa vitambaa,
kwapani, kifuani, kwapani.
"Na miguu?" "Miguu ingoje.
Tunaanzia jikoni, hatuanzii uani."

Gavril akatoa chupa yake mfukoni, kwa mapenzi kabisa.
"Hiyo humfungulia mtu milango," Tuyaara akamwambia,
"na kilichobaki ndani ndicho kitakachotoka."

Ndipo nikaingia mimi na beseni,
nimepiga magoti, nimeshika mguu mweupe kama mshumaa,
tayari kusugua.
Alinipiga mkono. Mbele ya watu.

Baba yangu alisuguliwa theluji mwaka nilipozaliwa,
akabaki na vidole saba.
Maisha yangu yote nilidhani theluji ilimwokolea saba.
Usiku ule, sakafuni, nikahesabu vile vitatu.

Vidole viwili vya Tuyaara shingoni mwa Erchimen.
Dakika nzima. Saa ya ukutani ilikuwa na haya ya kugonga.
Mke wake, Nyurguyaana, akauliza, "Amekufa?"
"Bado ni baridi," Tuyaara akajibu,
"na maiti baridi simwamini.
Mpaka apate joto, huyu ni mgonjwa wangu."

Katika lugha hii ninayokuandikia
kati ya kupoa na kupona ni herufi moja.
Tuliitafuta mpaka alfajiri,
kuni baada ya kuni, chupa baada ya chupa.

Kwanza taya. Kisha bega.
Kisha mwili wote ukaanza kutetemeka,
kitanda kikapiga kelele,
na sisi watu wazima tukashangilia mtetemeko
kama watoto wanaoshangilia mvua.
Alipotaja jina la farasi wake bila kukosea
akapewa chai, tamu kupita kiasi.

Miguu ikafuata, ndani ya maji
ambayo Tuyaara aliyapima kwa kiwiko, kama ya mtoto.
Hapo ndipo Erchimen alipolia.
Nyama inayorudi ina uchungu kuliko inayoondoka;
malengelenge yakavimba, hakuna aliyeyagusa.

Helikopta ilikuja siku ya tatu.
Vidole viwili vya mguu wa kushoto havikurudi naye.
Simwambii mtu kwamba vingekuwa zaidi,
lakini yeye anajua, na kila tukikutana
huninyooshea mguu, mpumbavu yule, na kucheka.

Theluji yangu iliyeyuka ndani ya beseni, nyuma ya mlango.
Asubuhi Tuyaara aliipigia deki.