Ripoti ya Fundi wa Masafa, Mnara wa Kapripointi

Jumatatu tulifuta ______.
Neno la silabi tatu. Lilitoka mitamboni
kama gamba la sato chini ya kisu.
Jumanne tukafuta lile dogo, la silabi moja.
Jumatano, viambishi vya mbele ya kitenzi,
vile ambavyo mwalimu wangu wa Nyakahoja
alivipigia mstari kwa chaki nyekundu.

Kazi yangu ilikuwa kugeuza kitufe.
Nilikigeuza. Nikanywa chai.

Nyuma ya kila sikio kuna kipokezi,
ukubwa wa punje ya mtama,
tulipewa siku moja na namba za maji.
Ukitamka kilichofutwa ulimi unateleza,
na mahali pa neno panabaki pengo
kama la mtoto wa darasa la kwanza.

Alhamisi, Mwaloni.
Mtoza ushuru alimuuliza Nshoma Lugwisha, mwanika dagaa:
"Umeikubali bei mpya?"
Nikiwa juu, spika masikioni,
nilimsikia akifungua mdomo.

Akafungua tena.

Mawe ya mji huu yamepakatana tangu zamani za zamani,
mengine yameegemea hewa tu,
na wanawake wote wa vichanja
walinyamaza kwa namna hiyo hiyo.

Halafu akasema: "Yaya."

Mashine ikapekua kamusi.
Yaya: mlezi wa mtoto, wa kuajiriwa.
Taa ya kijani. Likapita.
"Yaya," akasema jirani yake, akikung'uta wavu.
Yaya, Igogo. Yaya, Mabatini, kwa mwenye nyumba.
Yaya kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga.
Ijumaa lilikuwa limeshavuka maji, liko Ukerewe.

Jumamosi wakubwa walisoma jedwali, wakahitimisha:
Mwanza ina uhaba mkubwa wa walezi.
Wakaleta mia mbili kwa treni,
wasichana wa aproni za bluu,
wakasimama stesheni wakiuliza watoto wako wapi.

Mama yangu alizaliwa Magu.
Kwa neno hilo alinifukuza jikoni,
mkono wangu ukiwa ndani ya chungu cha karanga.
Nalijua vizuri. Hata kofi lililolifuata nalijua.

Leo fomu ya wiki iko mezani.
Swali la tisa: Je, umesikia neno geni
lenye maana ya ______ ?
Chagua jibu:
ndiyo
ndiyo
ndiyo

Nimechukua kalamu.
Pembeni, nje ya visanduku,
nimeandika herufi nne.