Siku ya Kwanza, Tena

Saa tisa ya usiku, Wrexham, simu yatetema chini ya mto:
"Heledd, hamu yako ni ngapi, moja hadi kumi?"
Anabonyeza mbili. Ni tisa.
Programu haina pua; haisikii harufu ya embe bandia
iliyoganda kwenye pazia na sare ya shule.

Siku kumi na tisa safi, yampongeza.
Kumi na tisa za uongo:
kijiti cha mvuke, rangi ya peremende,
kingali ndani ya soksi, chapepesa taa
kama jicho la paka anayejua panya alipo.

Jana bwawani pumzi ilimkatikia njiani
na Cerys akampita,
Cerys, aliyekuwa akiachwa nyuma kila Jumamosi.

Mama yuko zamu, kiwanda cha jibini.
Hakuna wa kumsuta.
Anashuka hadi chini kabisa ya kioo,
akipita pesa alizookoa ambazo hakuziokoa,
mpaka kwenye kitufe kidogo: Nimeteleza.

Simu haikuguna. Haikuita mtu.
Siku ya kwanza, iliandika.
Kisha, baada ya kitambo: Kiko wapi sasa?

Kwenye soksi, akajibu,
kidole kikitetemeka kuliko simu.