Milango Miwili

Nililinunua kabla yao. Hilo liandikwe kwanza.
Miaka sita ya kugonga mihuri Kasumbalesa,
malori ya watu, shaba ya watu, bunga ya watu,
hadi siku moja juu ya trela likatokea langu:
jekundu, milango miwili, tumbo karibu na ardhi
kama paka anayenyemelea.
Karani mwenzangu akauliza, Mume wako anajua?
Nikamwambia, Mume bado sijampata,
gari nimelipata. Tia muhuri.

Jumapili, kabla ya kengele za misa,
barabara ya Likasi ilikuwa yangu.
Kwenda kilomita mia na ishirini, kurudi hizo hizo,
vioo chini, vichuguu vikipita kimoja kimoja
kama watu waliochelewa mazishi.
Sikuwa na ninachokwenda kuchukua.
Utamu ulikuwa hapo.

Kisha Mukalay. Kisha Mbuyu na Kabange kwa usiku mmoja,
kisha Kyungu, ambaye jina lilimngoja kabla hajatungwa,
maana anayefuata mapacha haulizwi anataka kuitwa nani.
Watoto watatu. Viti vya nyuma viwili,
navyo vimewekwa kwa heshima tu:
aliyevishona hajawahi kuona goti.

Kumfunga mtoto humu ni kazi ya mgodini.
Unatanguliza kichwa, unapapasa gizani,
unatoka kinyumenyume na jasho, kitambaa kimeanguka,
mlinzi wa shule anatazama pembeni kwa adabu.
Ukimaliza wa tatu, juu ya mapaja ya shangazi yake,
wa kwanza anasema: Mama, mkojo.

Na Katuba wakati wa mvua!
Tuta la mbele ya soko nalipanda kwa ubavu,
mwendo wa mtu mwenye jipu,
wauza makala wananipita kwa baiskeli
wakipiga kengele, na mmoja ananipa pole.
Farasi mia tatu chini ya boneti,
gunia la makala limetushinda.

Harufu ya ngozi ilishakwenda zake.
Kuna mikate ya mafuta, maziwa yaliyoganda,
ndala moja ya mguu wa kushoto,
na chini ya kiti changu mguu wa kuku
niliouona Desemba na bado sijaufikia.

Mukalay akiwa zamu Kolwezi, Kyungu akikataa usingizi,
nawasha injini hapo hapo uani. Hatuendi popote.
Linanguruma chini kwa chini, macho ya mtoto yanalegea.
Mama Nsenga anasema juu ya ukuta:
Unachoma mafuta kumlaza mtoto?
Wenzako tuna migongo.

Alhamisi akaja mnunuzi, kijana wa Likasi, viatu vyeupe.
Akalizunguka mara tatu kimya
kama mtu anayeaga maiti ya tajiri.
Kwenye mlango wa kulia akachuchumaa.
Hapa pamechorwa kwa msumari.
Nimepaona.
Dola mia tano zitoke.

Nikachuchumaa naye.
Magurudumu mawili, moja kubwa kuliko jingine,
na ndani vichwa. Nikahesabu: sita.
Sisi ni watano.
Kabange, huyu wa sita ni nani?
Akanitazama kama ninavyomtazama mimi
dereva aliyefika mpakani bila karatasi.
Ni gari lenyewe, akasema. Nalo limekaa.

Mkono wa kijana ulikuwa mfukoni, juu ya pesa.
Nikamwambia, Rudi Jumamosi.

Leo ni Jumamosi. Simu imelia mara mbili.
Niko kichwa chini, miguu nje ya mlango,
na mwiko wa bukari mkononi,
nausaka ule mguu wa kuku.
Mwenye kununua asikute uchafu, najiambia,
au tukibaki nalo, lisinuke.
Mwiko haufiki.
Kyungu, njoo. Wewe mwembamba.
Ingia huko.