Dawa ya Kutu

Shaame kajilaza chini ya gari, miguu tu nje,
kandambili moja ya buluu, moja ya kijani.
Anagonga bomba kwa spana: ngo, ngo, ngo,
kisha mahali fulani, pu.
"Hapa," asema, "bati hamna tena. Pana rangi."

Gari ni la marehemu. Nimelirithi
pamoja na deni la duka na koti lenye harufu yake.
Kila asubuhi natoka Mtemani hadi sokoni,
dakika sita. Nateremsha nyanya, narudi, dakika sita.
Sikudhani kwamba huko ni kuliua.

Kaibuka, masizi mpaka kwenye nyusi.
"Bi Mize, bomba haliliwi na chumvi tu.
Kila ukiwasha, moshi huja na maji.
Ukizima kabla halijashika moto
maji hubaki tumboni mwa sailensa,
yakalala humo, yakala bati kuanzia ndani.
Nje unaona zima."

Nilinyamaza. Neno hilo la mwisho lilinikaa.

Akaziba mdomo wa bomba kwa tambara bichi,
akaniambia niwashe. Chini ya kiti changu
kitu kikapiga mluzi mwembamba.
"Unasikia? Moshi huo unaupumua wewe.
Kichwa hakikuumi?"

Kinaniuma. Tangu nitoke eda kinaniuma,
na usingizi mzito saa nne asubuhi,
na kichefuchefu mbele ya sahani ya mtu mmoja.
Nimesomewa, nimefukizwa, nimekunywa kombe.
Wote tulisema ni majonzi.
Nikacheka, mikono juu ya usukani,
nikacheka mpaka Shaame akaja dirishani
kutazama kama ningali mzima.

Akabandua kopo la maziwa, lile marehemu
alilolizungushia kwa waya mwaka wa mvuno mkubwa,
akisema litafika Idi. Lilifika Idi tano.
Nikaliomba. Nimeliweka jikoni, lina vijiko.
Bomba jipya, gasketi, klampu mbili,
mipira ya kuning'inizia. Fedha ya nyanya za mwezi mzima.
"Bara hukaa miaka minane. Kwa hewa yetu hii, minne,
ukiliosha chini kwa maji ya mfereji
kila ukipita njia ya pwani.
Na Jumapili ulipeleke mbali. Nusu saa, zaidi.
Lichemke. Likauke."

Basi Jumapili naenda Konde.
Sina mtu Konde.
Naingia msitu wa Ngezi vioo viko chini,
nageuzia Makangale, nanunua muhogo nisiouhitaji.
Majirani wanasema mjane kapata bwana kaskazini.
Nawaachia.

Nikirudi nazima uani, nainama,
nasogeza kiganja karibu na bomba, siligusi.
Kavu.
Majonzi yapo, hayakwenda popote,
ila sasa hayanitii usingizi.
Linapoa taratibu, tik, tik,
nami nakaa pale chini na kanga yangu vumbini
mpaka linyamaze.